Kupunguza uzito wa seva HAProxy ikiwa inaendelea na kazi

Mkuu, umeuliza namna ya kuipunguzia mzigo seva moja kati ya tatu zilizo nyuma ya HAProxy (programu inayogawa maombi kwa seva kadhaa) bila kuizima, maana waombaji wanakuwa katikati ya kupandisha vyeti. Inawezekana, na faili la mipangilio huligusi. Ila kwanza, kila seva umeiandikia weight (uzito, yaani kipimo cha fungu la maombi inalopewa) ngapi? Kama hukuandika kitu basi ni 1, na hapo ndipo wengi wanapoumia.

Nahudumia mfumo wa udahili wa chuo kimoja hapa Dodoma. Joto la mwezi wa kumi mnalijua. Kiyoyozi kikizidiwa, ile mashine ya zamani inajipunguza kasi yenyewe, na maombi yanaanza kupanga foleni. Naingia kwenye mashine ya HAProxy, natuma amri kwenye soketi yake ya usimamizi kwa programu ya socat (udahili ni jina la backend, yaani kundi la seva):

echo "set server udahili/seva2 weight 40%" | socat stdio /run/haproxy/admin.sock

Amri inashika papo hapo. Wanaopandisha faili kupitia seva2 wanamalizia palepale. Wanaopungua ni wapya. Kisha nahakiki kwa "get weight udahili/seva2", inanijibu: 40 (initial 100).

Hiyo 100 ndiyo ya kuangalia. Asilimia inapigwa kwa uzito ulioandikwa kwenye faili, siyo ule wa sasa hivi. Ukiweka 40% halafu ukaja na 50%, utapata 50, siyo 20. Na kwa kuwa desimali hazipo, 40% ya 1 inakatwa kuwa 0. Ulitaka kupunguza, kumbe umeifungia kabisa! Andika 100 kwa kila seva. Mwisho ni 256, kwa hiyo hata kupandisha unabaki na nafasi.

Halafu hiyo 0 yenyewe haimtoi kila mtu. Kama unatumia kuki ya kumng'ang'aniza mtumiaji kwenye seva yake, wenye kuki wataendelea kwenda huko huko. Kwa matengenezo, nawaacha hao wapungue wenyewe, ndipo natumia "state maint", yaani kuiweka seva kwenye hali ya matengenezo.

Angalia pia mstari wa balance, unaochagua njia ya kugawa maombi. roundrobin (kwa zamu) na leastconn (kwa seva yenye miunganisho michache) zinakubali kubadilishwa uzito ikiwa kazini. static-rr (zamu isiyobadilika) inakubali 0 au ule wa mwanzo tu, na source (kwa anwani ya IP ya mtumiaji) ni hivyo hivyo mpaka uweke hash-type consistent.

Soketi iwe na level admin (ruhusa ya msimamizi), la sivyo amri itakataliwa. Na ukiipakia upya HAProxy, uzito unarudi ule wa kwenye faili, isipokuwa kama umeipangia kusoma hali ya seva kutoka faili jingine. Binafsi sijihangaishi na hilo: hali ya dharura nataka ifutike yenyewe.

Bandika mistari yako ya backend hapa, ficha anwani za IP, tuione hiyo balance.