Maswali ya Wasomaji: Bahati ya Chumba cha Giza Hurudiwaje?

SWALI: Mhariri, nilipokuwa nikisafisha filamu ya nyeusi na nyeupe, kifuniko cha tangi kilifunguka kabla ya dawa kumaliza kazi, taa ikiwa inawaka. Picha nyingi ziliungua, lakini mbili zilitoka na mstari mwembamba mweusi kuzunguka kichwa na mabega ya mtu, kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Nilipofungua tangi tena kwa makusudi, niliambulia filamu nyeusi tupu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, ulichokipata huitwa athari ya Sabattier, kutokana na jina la Mfaransa Armand Sabatier aliyeieleza mwaka 1862, ingawa wapiga picha wengi huiita solarizesheni. Mwanga ukiingia katikati ya kusafisha, sehemu za negativu (picha ya kwenye filamu, ambayo weusi na weupe wake vimegeuzwa) zilizokwisha kuwa nyeusi haziathiriki sana, kwa kuwa chembe zake nyingi zinazohisi mwanga zimegeuka kuwa madini ya fedha na fedha hiyo inazikinga zilizobaki, ilhali sehemu ambazo bado ni angavu huupokea mwanga wote na kuanza kuwa nyeusi. Kwenye mpaka wa sehemu hizo mbili hukusanyika bromidi, kemikali itokanayo na kusafisha, ambayo huizuia dawa isifanye kazi, na hapo hubaki ukanda mwembamba angavu ambao katika picha iliyochapishwa huonekana kuwa mstari mweusi.

Tangi ndilo lililokuangusha mara ya pili. Filamu iliyoviringishwa hujikinga yenyewe kwa yenyewe, hivyo mwanga huchoma kingo na mzunguko wa nje na kuufikia wa ndani kwa shida, na hakuna namna ya kuupima. Kata kipande kifupi cha filamu, ukisafishe kwenye trei katika giza kamili, upande wenye utando wa picha ukiwa juu, kwa dawa mpya yenye joto la nyuzi 20. Ikiwa muda wa kawaida ni dakika 9, mulika kati ya dakika ya 5 na ya 6. Anza na balbu ya wati 15 iliyo umbali wa mita 1.5, kwa sekunde 1 tu, kisha iache filamu itulie bila kutikiswa hadi mwisho, maana ukiitikisa unaisambaza ile bromidi inayochora mstari. Picha ikiungua, usibadilishe kitu kingine chochote ila umbali wa taa: ukiuongeza mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo, na hilo ni la kuaminika kuliko kidole kinachokimbizana na swichi.

Kwa maoni yangu, negativu unayoithamini isiguswe kabisa. Inakili kwenye filamu ya ortho, ambayo huvumilia taa nyekundu, upate chanya, yaani picha yenye weusi na weupe wa kawaida. Inakili chanya hiyo tena upate negativu mpya, na hiyo ndiyo uimulike huku ukiona kinachotokea. Ukifanya hivyo kwenye karatasi ya kuchapishia badala ya filamu, mstari utatoka mweupe.

Chagua pia mtu aliyesimama mbele ya mandhari meusi yasiyo na vitu vingi. Mpiga picha Lee Miller, aliyekuwa akifanya kazi na msanii na mpiga picha Man Ray mjini Paris mnamo mwaka 1929, alisimulia kwamba kitu kilimpita mguuni gizani akawasha taa, na negativu zilizokuwa kwenye dawa zilikuwa za mwili wa mtu mbele ya mandhari meusi. Mandhari kama hayo huacha eneo kubwa angavu kwenye negativu la kupokea mwanga wa pili.

SWALI: Nimeona negativu ya zamani yenye mikunjo midogo kama wavu, iliyotokana na maji ya moto. Mbona filamu zangu hazikunjamani hata nikizisuuza kwa maji ya moto?

JIBU: Filamu nyingi za siku hizi zina jelatini (utando unaobeba picha) iliyokazwa kiwandani, hivyo maji ya moto peke yake hayatoshi. Baada ya filamu kuimarishwa (kutiwa dawa inayoifanya isiathiriwe tena na mwanga) na kusuuzwa, iloweke katika maji ya nyuzi 60 yenye kabonati ya sodiamu, ambayo huilainisha jelatini, kisha itumbukize ghafla katika maji ya barafu. Utando unaweza kubanduka wote, na ukishakunjamana haunyooki tena, kwa hiyo fanya hivyo kwa nakala.