Barua kwa mwanangu: Mkewe alikuwa wapi?

Mwanangu,

Picha za wajukuu zimefika, nimezitazama hadi simu ikaisha chaji. Umesema mlipokuwa Bagamoyo, mkisimuliwa chini ya ule mnara wa kanisa jinsi watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walivyoufikisha pale mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, Februari 1874, binti yako aliuliza, "Mkewe alikuwa wapi?" Ukakosa jibu, ukanitupia mimi. Hapa Ujiji nimewapeleka wanafunzi kwenye kumbukumbu ya mtu huyo sijui mara ngapi, na sikuwahi kumtaja mkewe. Linaniuma, basi leo nitalisema lote.

Aliitwa Mary Moffat. Alizaliwa 1821 Griquatown, Afrika Kusini, akalelewa Kuruman kwa wazazi wamisionari, Kitswana kikiwa mdomoni tangu utoto. Livingstone alijeruhiwa bega na simba mwaka 1844, akaja kwao kujiuguza, akamposa. Januari 1845 wakaoana. Huko Kolobeng, Botswana ya leo, walikohamia, Mary ndiye aliyetengeneza sabuni na mishumaa, akaoka mkate katika tanuri lililochimbwa kwenye kichuguu, akafundisha watoto wadogo wa kijiji. Watswana walimwita Ma-Robert kwa jina la kifungua mimba wake, kama mimi ninavyoitwa mama yako hapa mtaani.

Safari ndizo zilizowaharibia. Mwaka 1850 mume aliwachukua wote hadi Ziwa Ngami, Mary akiwa mjamzito. Watoto wakashikwa na homa. Waliporudi alijifungua msichana, Elizabeth, aliyeishi kama wiki sita tu. Mary mwenyewe akapooza upande mmoja wa uso. Ungedhani mume angetulia. Mwaka uliofuata akawapandisha tena kwenye gari la ng'ombe, Mary ana mimba nyingine, ingawa mama mkwe alikuwa amemwandikia barua kali ya kumuuliza kama hana huruma.

Jangwani maji yakaisha. Mtumishi mmoja alikuwa ameyamwaga ovyo, kiongozi wa njia akawatoroka, na kidogo kilichosalia wakawekewa watoto, nacho kikaisha. Siku ya tano mchana ndipo baadhi ya watu wao waliporudi na maji. Livingstone ameandika mwenyewe kwamba mama wa watoto hakutamka hata neno moja la kumlaumu, ila machozi yalimlenga. Hapo ndipo ninapomkasirikia, mwanangu. Aliyaona yale machozi, akajua maana yake, akayaandika vizuri, kisha akaendelea na safari. Septemba 1851 Mary alijifungua mvulana kando ya mto Zouga.

Aprili 1852, Cape Town, akampandisha Mary meli ya kwenda Uingereza na watoto wanne. Ilisemwa ni miaka miwili. Ikapita minne na nusu, mume akivuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane, dunia ikimshangilia. Mary hakuelewana na wakwe zake Scotland, akawa wa kuhamahama na watoto, fedha za kubahatisha, akaanza kunywa pombe. Mume aliporudi Desemba 1856, alimpokea kwa shairi alilolitunga mwenyewe, akiomba wasitengane tena, na kwamba siku ya kufa kwake yeye mume awe kando yake.

Najua mkataba wa kazi ya Doha uko mezani kwako, na umeandikwa miaka miwili. Sikukatazi. Nataka mkeo awe amekaa hapo siku mtakapoihesabu hiyo miaka, na akisema ni mingi, isikilizwe kuwa ni mingi.

Mwaka 1858 waliondoka pamoja kwenda Zambezi. Njiani ikajulikana kuwa Mary ni mjamzito, akaachwa Cape Town, akaenda kujifungua kwa wazazi wake Kuruman. Mume akasonga mbele na meli ndogo aliyoipa jina la mkewe, Ma Robert. Mary akarudi Scotland, na mapema 1862 ndipo alipomfikia mume tena kwenye mdomo wa Zambezi. Walikaa pamoja miezi mitatu hivi. Malaria ikamuua Mary huko Shupanga tarehe 27 Aprili, ana miaka 41. Lile ombi la shairi lilitimia: mume alikuwa kando ya kitanda, na waliokuwepo walimwona akilia kama mtoto.

Yule msichana aliyezaliwa Kuruman alimwona baba yake kwa mara ya kwanza 1864, ana miaka mitano. Robert, ambaye jina lake mama alilibeba maisha yote, alimtafuta baba hadi Natal, asimpate. Akaishia Marekani, akapigana vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kwa jina la kubuni, akisema hakutaka kulitia aibu jina la baba. Alifia kambi ya mateka huko Salisbury, North Carolina, mwishoni mwa 1864, ana miaka 18.

Uzeeni Livingstone aliandika kwamba anajuta kutocheza na watoto wake. Namwamini.

Basi mwambie mjukuu wangu hivi: siku ile mwili ulipolazwa Bagamoyo, mkewe alikuwa na miaka karibu kumi na miwili kaburini, Shupanga, Msumbiji, chini ya mbuyu, kando ya mto Zambezi. Akitaka, mwoneshe kwenye ramani.

Mama yako,
Ujiji