Umefowadi poti na bado washkaji hawaingii? Cheki WAN ya ruta kwanza

Mkuu nimekusoma vizuri. Seva ya Minecraft iko kwenye laptopu yako hapo Tabata, umefowadi poti 25565, umezima hadi fayawoli ya Windows, wadogo zako sebuleni wanaingia freshi kwa 192.168.1.7, ila washkaji wa Mbagala na Kigamboni wanaambulia "Connection timed out" tu. Watu wamekushauri ufowadi upya, wengine ununue ruta nyingine. Mi nakwambia hiyo menyu ya kufowadi iache kama ilivyo, kuna kitu cha dakika mbili inabidi ukicheki kwanza.

Fungua brauza, andika 192.168.1.1, ingia kwenye ruta (neno la siri liko kwenye stika chini yake kama hujawahi kulibadilisha). Nenda ukurasa wa Status, tafuta palipoandikwa WAN (upande wa ruta unaotazama intaneti), hapo kuna anwani ya IP, iandike pembeni. Halafu kwa laptopu hiyohiyo ingia tovuti yoyote ile inayokuonyesha IP yako ya nje, ziko kibao. Linganisha. Zikifanana, una IP ya umma, yaani anwani inayofikika kutoka nje, na tatizo liko ndani ya nyumba yako, hilo tutalimaliza. Zisipofanana hapo utafowadi kwenye ruta hiyo peke yake mpaka uote mvi na hakuna mtu ataingia.

Iko hivi. Kufowadi poti ni kumwambia mlinzi wa geti lako kwamba akija mgeni anaulizia 25565 mpeleke chumba cha 192.168.1.7. Mlinzi wako kaelewa, hana shida. Sema mtoa huduma naye ana geti lake huko nje, limezunguka nyumba nyingi zinazotumia IP moja ya umma, na yule mlinzi wa kule hujamwambia chochote na wala huna pa kumwambia, kwahiyo wageni wako wanaishia kwake. Hiyo ndo CGNAT. Ipo sababu anwani za IPv4 (hizi IP za kawaida za namba nne) zote duniani ni kama bilioni 4.3 tu na zilishagawiwa zikabana, ndo maana mwaka 2012 likatengwa fungu maalum la kazi hii, kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255. Ukiona WAN yako inaanza na 100 na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, kesi imeisha. Ikianza na 10 kwenye ruta ya laini mara nyingi ni yaleyale. Na kiukweli ruta za laini nilizozigusa hapa Dar, za 4G na hizi za 5G, karibu zote nimezikuta hivyo, ndo maana nikiona mtu anahangaika na kufowadi swali langu la kwanza ni unatumia ruta ya laini au faiba.

Angalizo, kama umeinstoli Tailscale (programu ya kuunganisha mashine za mbali kama ziko mtandao mmoja) kwenye laptopu nayo inakupa anwani ya 100 na kitu, hiyo ni ya Tailscale yenyewe, usije ukaichanganya na WAN ya ruta.

Sasa ukikuta WAN ni 192.168 na kitu, hiyo ni story nyingine, una ruta nyuma ya ruta. Hii nimeikuta kwa mshkaji wangu Sinza, kafungiwa faiba, fundi kamwekea kile kiboksi cha mtoa huduma ukutani, afu yeye akaenda Kariakoo kununua TP-Link yake ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma, akaichomeka kwenye kile kiboksi, intaneti inapiga vizuri tu, akafowadi kwenye TP-Link. Lakini kile kiboksi cha ukutani nacho ni ruta kamili, na poti kule hazijafunguliwa. Tulichofanya ni kuiweka TP-Link kwenye Access Point mode, ikabaki inasambaza Wi-Fi tu, kazi ya kugawa anwani na kufowadi ikarudi kwenye kiboksi. Laptopu ikapata anwani mpya, tukafowadi palepale, ikakubali. Unaweza pia kufowadi mara mbili, kiboksi kwenda TP-Link na TP-Link kwenda laptopu, inafanya kazi ila ukija kutafuta tatizo baada ya miezi sita utajilaumu.

Tuseme sasa WAN yako imefanana na IP ya nje. Hapo angalia wanachokiona washkaji, maana "timed out" na "Connection refused" si kitu kimoja na watu huwa wanavisoma kama ni error tu. Refused ina maana ombi limefika mahali na limejibiwa kwamba hapa hamna anayesikiliza, yaani mara nyingi seva imezimwa au umeandika namba ya poti vibaya. Timed out ni kimya, ombi limeenda halikurudi, limemezwa na fayawoli au CGNAT au limeelekezwa kwenye anwani ambayo laptopu haipo tena.

Hiyo ya mwisho kwa umeme wetu huu ndo inakamata watu. Umeme ukikatika ruta inazima, ukirudi inaanza kugawa anwani upya, simu ya mdogo wako inaweza kuchukua .7 na laptopu ikapewa .9, na ile fowadi yako bado inapeleka watu kwenye .7, yaani kwenye simu ya dogo. Suluhisho lipo kwenye menyu ya DHCP (ndo inayogawa anwani), tafuta Address Reservation, funga ile anwani na MAC ya laptopu, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao. Ukitoka Wi-Fi ukachomeka waya, MAC inakuwa nyingine, kwahiyo reserve ile unayoitumia ukiwa unahosti. Na hosti kwa waya kama unaweza bwana, Wi-Fi ya sebuleni na watu kumi ndani ya gemu ni mateso.

Fayawoli, washa. Usiiache imezimwa. Jaribu tena wadogo zako waingie ikiwa imewashwa, wakiingia maana yake fayawoli haina kesi. Wasipoingia nenda kwenye Inbound Rules utafute mistari ya Java yenye alama nyekundu. Ilivyo ni kwamba mara ya kwanza seva inawaka Windows inatoa kile kidirisha cha kuuliza uruhusu au la, mtu ana haraka anabonyeza Cancel, Windows inaandika katazo kimyakimya. Afu baadaye unaongeza ruhusa ya 25565 na bado inagoma, kwa sababu pale katazo linashinda ruhusa. Futa yale makatazo, ruhusa yako itafanya kazi.

Kingine, usijaribu IP yako ya nje ukiwa ndani ya Wi-Fi hiyohiyo. Ruta nyingi haziwezi kukutoa nje na kukurudisha ndani kwa mlango uleule, utaona imegoma kumbe kwa watu wa nje iko wazi. Ingia canyouseeme.org kwa laptopu yenyewe, maana ile tovuti inajaribu poti yako kutokea nje, au mpigie tu mshkaji wa Kigamboni ajaribu. Na seva iwe inawaka wakati huo, poti isiyo na programu nyuma yake itaonekana imefungwa hata kama umefowadi kwa ufundi wa hali ya juu.

Halafu hujasema washkaji wanachezea nini. Kama wako kwenye simu hiyo ni Bedrock (toleo la Minecraft linalochezwa kwenye simu), na Bedrock inatumia 19132 kwa UDP, njia ya kutuma data tofauti na TCP, haiongei na seva ya Java (toleo la kompyuta) kabisa labda uongeze Geyser, kiunganishi cha kuwapitisha wa Bedrock. Seva ya Java ni 25565 TCP. Kuna mtu hapa atakuwa anafungua 25565 kila siku wakati wenzake wote wana simu. Na zile tovuti za kupima poti zinapima TCP, ukipima 19132 itakwambia imefungwa hata kama iko poa.

Turudi kwenye CGNAT maana nahisi ndo kwako. Njia ya kwanza ni kumpigia mtoa huduma umwombe IP ya umma, sema hivyohivyo "IP ya umma", usiombe "kufunguliwa poti" utazungushwa tu. Wengine wanaitoa kwenye vifurushi vya ofisi na inalipiwa. Ikiwa inabadilikabadilika sio tatizo, unaweka jina la bure la DuckDNS linaifuata. Kwa gemu za wikiendi mi siwezi kulipia hiyo.

Njia ninayoipendekeza ni playit.gg. Unaweka programu yao kwenye laptopu, yenyewe ndo inatoka nje kwenda kwenye seva zao na kushika laini, washkaji wanapewa anwani ya playit wanaingilia huko, ruta yako haiguswi. Inapita CGNAT kwa sababu geti linazuia wanaoingia, halizuii anayetoka. Ubaya ni safari inarefuka, mshkaji wa Mbagala anaweza kupitishwa kwenye seva ya nje ya nchi ndo arudi Tabata, kwa kujenga nyumba na kuchimba haina noma, kwa kupigana PvP utasikia kelele.

Kama ni watu wanne watano mnaojuana, Tailscale au ZeroTier ni bora zaidi, kila mtu anaweka kwake, mnakuwa kama mko sebule moja, na mara nyingi mashine zinaunganika moja kwa moja. Kazi ni kumshawishi kila mmoja aiweke tu.

Usikubali anayekwambia weka laptopu kwenye DMZ ya ruta. Inafungua poti zote, na haitibu CGNAT hata kidogo. Poti 25565 inaskaniwa na maboti usiku na mchana, kwahiyo weka white-list=true (orodha ya wanaoruhusiwa tu) kwenye server.properties na usihosti matoleo ya zamani hovyo, lile tundu la usalama la Log4Shell la Disemba 2021 liliwaruhusu watu kuendesha komandi kwenye seva kwa kuandika ujumbe kwenye chati tu, Minecraft yenyewe ilirekebishwa kwenye 1.18.1.

Sasa nipe majibu, ruta ni ya laini au faiba, na namba mbili za mwanzo za WAN. Mbili tu, usiimwage IP nzima hadharani.