Usilipe ada ya chuo cha filamu Kanada kabla hujaangalia kibali cha kazi cha baada ya masomo (PGWP) kwa macho yako

Mleta uzi simama hapo hapo, hiyo hela usiitume. Umeuliza ununue kamera gani, baridi ya Ontario inavumilikaje na kama uchukue filamu au uandishi wa habari, nitajitahidi kukujibu, lakini katikati umepitisha sentensi moja kama kitu kidogo hivi: "ajenti kasema chuo kina DLI kwa hiyo nikimaliza diploma napata kibali cha kazi miaka mitatu." Hiyo sentensi niliambiwa mimi hivyo hivyo kwenye ofisi moja hapa Dar, kiyoyozi kinapuliza, kibendera cha Kanada mezani, na mzee wangu akauza kiwanja cha Kibaha kwa sababu ya hiyo sentensi.

Sasa nisikilize vizuri. DLI maana yake chuo kimeruhusiwa kupokea wanafunzi wa nje, basi, inaishia hapo. Kibali cha kufanya kazi baada ya kumaliza kinaitwa PGWP na ni habari nyingine kabisa. Kuna vyuo vya binafsi kibao, hasa hivi vya filamu, sauti, michoro ya kompyuta na urembo, vina namba ya DLI halali inayoanza na herufi O na tarakimu zake nyingi, lakini mhitimu wake PGWP hapati. Chuo cha kweli, walimu wa kweli, kamera za kweli, visa unapewa ya kweli. Ndiyo maana hushtuki mpaka umalize.

Na wale mtakaokuja na "si ungegugo tu mkuu", niligugo! Niliandika jina la chuo, nikakikuta kwenye orodha ya serikali ya Kanada, nikafurahi nikafunga simu. Ile orodha ina safu nyingine kule kulia inayosema kama chuo kina kozi zinazostahili PGWP, na kwenye simu hiyo safu huioni mpaka uisogeze.

Mimi nilikuja kuijua muhula wa mwisho. Kampuni niliyofanyia mafunzo kwa vitendo waliniambia tunakuchukua uwe msaidizi wa kamera, lete tu kibali. Nikaenda dawati la wanafunzi wa kimataifa pale chuoni najua naenda kuchukua barua. Yule mama akageuza skrini upande wangu, akafungua orodha ya Ontario, akashusha kidole mpaka jina la chuo chetu halafu akakivuta taratibu kuelekea kulia. Hapana. Akaniuliza kwa upole kabisa, kwani hakuna aliyekuambia? Sikuwa na la kujibu. Kibali cha kusoma kwa kawaida kinakuachia siku 90 baada ya masomo, zikiisha uwe umepata njia nyingine ya kukaa kihalali au unafungasha. Nikafungasha, kazi ipo, jina langu wanalo, nafasi akachukua mwingine.

Na ajenti nilipompigia anasema nini? "Mbona kibali cha kazi ulipata?" Hapo ndipo damu inanichemka mpaka leo. Alichokuwa anamaanisha ni kile kibali cha co-op, kile cha mafunzo kwa vitendo ambayo ni sehemu ya kozi yenyewe, na kozi ikiisha nacho kimeisha. Kwenye barua yangu ya udahili mstari wa co-op ulikuwepo, akanionyesha kwa kalamu, "unaona, work permit hii hapa", na mzee pembeni anatikisa kichwa kukubali. Yaani mtu anachukua maneno mawili yanayofanana anakuuzia mbuzi kwenye gunia, na kamisheni yake analipwa na chuo hicho hicho anachokusifia! Fikiria, ukimuuliza chuo gani kizuri atakutajia kinachomlipa. Na sheria ya Kanada haimruhusu mtu kukulipisha hela akupe ushauri wa uhamiaji kama siyo mwanasheria au mshauri mwenye leseni ya kule, sasa muulize wako leseni yake iko wapi uone atakavyobadilisha mada. Alimchukulia mzee wangu hela ya "kushughulikia faili", mzee ambaye hajawahi hata kupanda ndege.

Halafu kwako wewe hali ni mbaya kuliko yangu, na hili wengi humu hawalijui. Zamani ungeweza kusema basi naenda chuo cha umma, Humber au Seneca au Sheridan, PGWP ipo. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 wakabadilisha, anayeomba kibali cha kusoma kuanzia siku hiyo kwa ngazi ya diploma, haitoshi chuo kustahili, kozi yenyewe lazima iwe kwenye orodha ya fani walizosema wana upungufu nazo, mambo ya afya, ufundi, kilimo, sayansi na teknolojia. Utengenezaji wa filamu haumo. Uandishi wa habari haumo. Kila kozi ina namba yake ya utambulisho inaitwa CIP, filamu ni zile za 50.06 na uandishi wa habari ni 09.04, uliza chuo wakutajie namba ya kozi yako kwa maandishi kisha uitafute mwenyewe kwenye orodha ya serikali. Wenye digrii hawabanwi na hicho kipengele cha fani, kwa hiyo kama shida yako ni kubaki ufanye kazi, angalia shahada, Toronto Metropolitan wana filamu na uandishi wa habari, York wana filamu, Carleton pale Ottawa wana uandishi wa habari. Ni ghali ndiyo, lakini angalau unajua unalipia nini.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu na nitairudia hata mnichoke: hela haitoki mpaka wewe mwenyewe, kwenye tovuti ya serikali ya Kanada, siyo ya chuo, siyo skrinishoti ya wasapu ya ajenti, umeona chuo kinastahili PGWP na, kama ni diploma, namba ya CIP ya kozi yako imo. Kama kimoja hakipo, unaenda kusoma na kurudi. Kusoma na kurudi siyo vibaya hata kidogo kama umepanga hivyo tangu mwanzo, ubaya ni kuuza kiwanja kwa hesabu ya mshahara ambao haupo. Maana hata hiyo hesabu yako ya "nitafanya kazi huku nasoma", ruhusa nje ya chuo ni saa 24 kwa wiki wakati wa masomo, na kabla hata hujafika, tangu Septemba 2025 wanataka uonyeshe dola 22,895 za Kanada za kujikimu mwaka mmoja, mbali na ada na nauli. Ajenti alikwambia hiyo?

Kamera usinunue. Chuo kinachojielewa kina stoo, unasaini unachukua bodi, lenzi, stendi, mifuko ya mchanga, ukirudisha wanakagua mbele yako. Nunua tu diski mbili nzuri za kuhifadhia kazi. Baridi utaizoea, ila betri hazizoei, ukipiga nje Januari zile za akiba weka ndani ya jaketi karibu na mwili, ukiziacha kwenye begi zitakufa katikati ya shoti na mwongozaji atakuangalia wewe.

Filamu au uandishi, hapo kwanza jiulize utafanya kazi wapi. Kama ni kurudi Bongo kuwa mwandishi, sheria ya huduma za habari ya 2016 inataka ithibati, na kiwango cha chini ni diploma, kwa hiyo hiyo diploma ya nje ipeleke NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, waithibitishe ulinganifu wake, na waulize kabla hujaondoka siyo baada. Na kama unachotaka ni kujua kushika kamera tu, chuo cha habari cha KIMC Nairobi wanafundisha filamu na utangazaji, basi la usiku linakufikisha, na ukikwama mzee wako anaweza kukufuata.

Mengine umeuliza nimesahau, nitarudi. Sasa hivi weka hapa jina la kozi, namba ya DLI na namba ya CIP kama wamekupa, jina lako na barua yenyewe usiweke. Nipo hewani mpaka saa sita usiku, nitakuonyesha safu yenyewe iko wapi. Na ajenti akikupigia kesho kukwambia nafasi zinaisha, mwambie zikiisha ziishe.