Vidole vya mama havisomi, tufanyeje?

Mwezi huu barua zenu nyingi zimehusu namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na zilizobaki zimehusu kompyuta. Nilizisoma zote jioni moja hapa steshenari kwangu Mwanjelwa, Mbeya, mlango nimeshaufunga kwa sababu ya baridi, nikaona karibu zote zinazungumzia jambo moja: mtu amefika dirishani, mashine imemkatalia. Barua ya kwanza imenikaa moyoni, kwa hiyo nitaijibu kwa kirefu.

*Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 67, amechuma chai hapa Rungwe tangu akiwa binti. Laini yake ya simu ilipotea, tukaenda kwa wakala kuirudisha kwa namba yake ya NIDA. Kidole kilikataa mara saba. Wakala akasema mbele za watu, "Huyu siye mwenye namba." Mama ameona aibu, hataki kurudi tena. Na hela yake yote iko kwenye laini hiyo. Tufanyeje?*
— Binti, Tukuyu

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole zangu. Hakudanganya, na mashine haikusema kwamba amedanganya. Aliyesema hivyo ni wakala.

Mashine ile haitazami kidole kama sisi tunavyotazama sura ya mtu. Inatafuta mahali mistari ya ngozi inapokatika au kugawanyika, inapima sehemu hizo zilivyokaa, kisha inalinganisha na zile zilizochukuliwa siku ya kujiandikisha. Picha mbili za kidole kilekile hazifanani kabisa hata siku moja: leo umebonyeza kwa nguvu, jana kidole kilikuwa na jasho. Kwa hiyo mashine inatoa maksi, kama mwalimu anavyosahihisha mtihani, na kuna mtu aliyeamua maksi za kufaulu ziwe ngapi. Akiziweka juu sana, wenye namba zao halali watakataliwa. Akizishusha sana, tapeli atapita kwa jina la mwenzake. Huo ni uamuzi wa mtu, wala haukushuka na mvua. Tuna haki ya kuuliza umewekwaje na umewafikiria akina nani.

Sasa mfikirie mchuma chai. Majani mawili na chipukizi, kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kutwa nzima, miaka arobaini, na utomvu unaoganda mpaka kucha zinabadilika rangi. Mistari ambayo mashine inaitafuta ndiyo hiyohiyo ambayo kazi imeisugua. Mama yangu mzazi alilima viazi Isongole mpaka nguvu zilipomwishia. Siku za mwisho nilipokuwa namshika mkono, ncha za vidole vyake zilikuwa zimesuguka nyororo kama bakuli la bati. Fundi anayeshika saruji yuko hivyohivyo, na mama anayefulia watu nguo. Waliofanya kazi kwa mikono maisha yao yote ndio tunaowaambia mikono yao si yao. Jambo hili linaniuma.

Sisemi usajili ufutwe. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, mwisho ukapangwa kuwa 31 Desemba, kisha Rais Magufuli akaongeza siku 20 mpaka 20 Januari 2020. Nakumbuka foleni za siku zile, wazee wakipangusa vidole kwenye kanga na kujaribu tena. Niliunga mkono na bado naunga mkono, kwa sababu nimewaona majirani zangu wakilia kwa ajili ya matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ninachodai ni mlango wa pili. Kama kidole ndicho ufunguo pekee, aliyechakaa vidole amefungiwa nje ya hela yake mwenyewe.

India wamelipitia hili kwa ukubwa ambao sisi hatujaufikia. Namba yao inaitwa Aadhaar, ina tarakimu 12, na wameandikisha watu zaidi ya bilioni moja. Watu wakaipeleka serikali mahakamani, na tarehe 26 Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba namba iendelee kwa misaada ya serikali, lakini kampuni za simu na benki zisimlazimishe mtu kuitoa. Sikubaliani na kila neno la uamuzi ule, ila walikaa wakauliza: namba hii ni ya kazi gani, na asiyeweza kuitumia afanyeje?

Kwa mama, fanya hivi. Mpeleke saa za mchana jua likishatoka, maana kidole cha baridi na kikavu kinasomeka vibaya. Anawe kwa maji ya uvuguvugu, ajikaushe, apake mafuta kidogo sana kisha ayafute. Mwombe wakala asafishe kioo cha mashine. Mara nyingi kimejaa mafuta ya wateja wa tangu asubuhi. Halafu msing'ang'anie dole gumba. NIDA walichukua vidole vyote kumi, na kwa mchuma chai kidole cha pete na kile cha mwisho ndivyo vilivyopona. Omba vijaribiwe. Vikikataa vyote, nendeni ofisi ya NIDA ya wilaya, aombe kuchukuliwa alama upya, na abebe kitambulisho cha mpiga kura au karatasi yoyote nyingine yenye jina lake. Usimwache aende peke yake.

Mawakala mnaosoma ukurasa huu, nawaomba neno moja. Semeni "mashine haijasoma". Msiseme "huyu siye".

*Mama, mimi nasoma chuo, kompyuta yangu ina mfumo wa Linux badala ya Windows, na kivinjari changu cha intaneti ni Firefox. Kuna ofisi ambayo fomu yake ya mtandaoni inagoma, inaniandikia nitumie kivinjari cha Chrome. Wenzangu wananiambia niweke Chrome yaishe. Je, nalikuza jambo dogo?*
— Mwanafunzi, Iyunga

Hulikuzi, mwanangu. Kuna nchi iliyoishi na jambo dogo kama hilo kwa zaidi ya miaka 20.

Miaka ya 1990 Marekani ilibana uuzaji nje wa programu zenye usimbaji imara, yaani ufundi wa kuficha ujumbe asiousoma mwingine. Korea Kusini walitaka benki za mtandaoni zilizo salama, hivyo mwaka 1998 wakabuni usimbaji wao wenyewe, wakauita SEED. Vivinjari vya wakati ule havikuujua. Wakaupitisha kwa kiongezi, yaani programu ndogo ya kuongezwa kwenye kivinjari, cha Microsoft kiitwacho ActiveX, ambacho kilifanya kazi ndani ya Internet Explorer tu, juu ya Windows. Baadaye kila raia akatakiwa kuwa na cheti cha kielektroniki cha kumtambulisha anapolipa mtandaoni, na cheti hicho nacho kikakaa juu ya kiongezi kilekile.

Angalia kilichotokea. Huku kwingine kampuni ya kivinjari cha Netscape ilishindwa na Microsoft, ikautoa wazi msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, mwaka 1998, ukazaliwa mradi wa Mozilla, na mwaka 2004 ikatoka Firefox unayoitumia wewe leo. Dunia ikapata pa kuchagua. Lakini Mkorea aliyeipenda Firefox, au aliyenunua Mac, alikuwa hawezi kufanya shughuli za benki mtandaoni. Wakati huohuo watu walizoea kubonyeza "kubali" kila kiongezi kilipojitokeza, na wahalifu wakajipenyeza hapohapo. Cheti kile kilipoteza nafasi yake ya pekee Desemba 2020. Microsoft yenyewe iliiacha Internet Explorer tarehe 15 Juni 2022.

Walioamua mwaka 1998 hawakuwa wajinga, walikuwa na sababu nzuri kabisa. Kosa lilikuwa kuufunga utambulisho wa raia kwenye bidhaa ya kampuni moja. Ushindani wa Microsoft na Netscape ulikuwa ugomvi wa wafanyabiashara. Nchi ilipoingiza kitambulisho ndani yake, ukawa mzigo wa kila mtu mwenye bili ya kulipa.

Mimi sina chuki na Chrome, kompyuta zangu mbili za dukani zinaitumia. Nawe kwa leo weka Chromium, ndugu yake Chrome mwenye msimbo wazi, ujaze fomu kabla muda haujaisha. Kisha iandikie ofisi ile barua ya heshima, useme fomu yao ifuate viwango vya wazi vya wavuti ili kivinjari chochote kiifungue. Weka picha ya kosa lililotokea. Barua za namna hiyo nimeshaandika, na mojawapo ilijibiwa.

*Laptopu yangu ya Windows 10 nimeambiwa imekwisha muda na haikubali Windows 11. Ninaitungia mitihani. Ninunue nyingine?*
— Mwalimu, Makete

Usinunue, mwalimu. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo mashine za zamani hazina. Mashine yako haijafa. Hamishia mafaili yako kwenye flashi mbili, weka Linux Mint badala ya Windows na LibreOffice badala ya Word, utaendelea kutunga mitihani. Tatizo utakalokutana nalo ni majedwali ya Word kuhama mistari, kwa hiyo ukipeleka mtihani kuchapwa upeleke kama PDF.

Na nikukumbushe jambo la fahari: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ikiwa na menyu zote za Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na hakukuwa na mtu wa kuombwa ruhusa. Natamani wanafunzi wako wajue.

*Mwanangu, nasikia redioni Waingereza wanalumbana kuhusu kitambulisho cha kidijitali. Taifa kubwa vile linaogopa kadi? Sisi huku tunazililia.*
— Mzee, Kihesa, Iringa

Shikamoo mzee wangu. Wanayo sababu, na ni ya zamani. Mwaka 1939 vita ilipoanza walipewa vitambulisho kwa kazi tatu: kuandikisha askari, usalama wa nchi na mgao wa chakula. Miaka 11 baadaye ilionekana idara 39 za serikali zinazitumia taarifa za usajili ule. Desemba 1950 polisi alimsimamisha dereva mmoja, Clarence Willcock, akamdai kadi, akakataa kuitoa. Alishindwa kesi, lakini majaji waliikemea polisi kwa kudai kadi za watu bila sababu, na mwaka 1952 kadi zikafutwa. Walijaribu tena kwa sheria ya 2006, ikafutwa 2010, na diski zenye taarifa za watu zikasagwa mwaka 2011. Septemba 2025 Waziri Mkuu Starmer akaleta mpango mpya wa kidijitali, ndio huo uliousikia.

Sisi hatukuanzia walipoanzia wao. Wewe unakumbuka, mzee, ilikuwa barua ya balozi wa nyumba kumi, kisha muhuri wa mtendaji, na ukifika mjini karani anaitazama barua yako kama umeiokota. Sheria yetu ya usajili na utambuzi wa watu ni ya mwaka 1986, NIDA ikaundwa 2008, kadi za kwanza zikaonekana 2013. Kwa mtu wa Kilolo au Ileje kadi ile ni heshima, na mimi niko upande wake. Ila hesabu ya Waingereza, kutoka kazi 3 mpaka idara 39, naomba tuishike. Kila anayetaka namba yetu atuambie anaitakia nini.

*Dada, nilikuja kwako Juni kutoa kopi ya kitambulisho, ukanifundisha kuiandika juu. Nimesahau maneno. Halafu kuna ubaya gani kopi zikibaki kwa watu?*
— Mama, Mbalizi

Karibu tena, dada. Andika kwa mshazari juu ya kopi, bila kuziba picha: "Kwa usajili wa laini tu", halafu tarehe na jina la unayemwachia. Akiipeleka kukopea hela, maandishi yatamuumbua.

Ubaya upo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mwenye kopi yako anaijua tarehe hiyo. Sasa jiulize namba yako ya siri ya simu ni ipi. Kwenye meza hii nimekutana na wateja wengi mno wanaotumia mwaka wa kuzaliwa, wananitajia kwa sauti. Kama nawe ni hivyo, ibadilishe leo kabla hujalala. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako. Ukiona usiyoijua, wahi kuripoti kwa mtoa huduma wako.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kupeleka malalamiko. Anayechukua taarifa zako anatakiwa awe na kusudi, na asizitumie nje ya kusudi hilo. Inatuhusu hata sisi wa steshenari. Kwangu picha ya skana naifuta mteja akiwa anaona, na kopi zilizoharibika zinaingia kwenye debe chini ya meza, jioni nazichoma nyuma ya duka. Zako za Juni zilikuwa mbili, ile iliyotoka nyeusi na ile iliyopinda. Nilizichoma siku ileile.