Embe Linavyoungua kwa Baridi, na Namna ya Kuliokoa

Embe bichi likilala wiki nzima kwenye chumba cha nyuzi 5 au 6 hutoka gumu na la kijani, mwenye mzigo akaridhika. Hasara hujitokeza sokoni, siku mbili tatu baadaye: ganda linakuwa la kijivu kama lililobabuka, linabonyea vishimo vidogo vidogo, tunda linaiva upande mmoja na utamu haupo. Mteja analaumu aina ya embe, kumbe ni baridi.

Utando wa seli za embe haukuumbiwa baridi hiyo. Hukakamaa, ukavuja, na vilivyokuwa vimetengana ndani ya seli vikakutana na kuleta weusi. Kwa embe bichi mpaka ni nyuzi 12 hadi 13; lililoanza kuiva huvumilia hata 10. Madhara hujumlishana: saa chache chini ya hapo si sawa na siku kadhaa.

Changa ndilo huumia zaidi, kwa hiyo chuma lililokomaa: mabega yamejaa, na ukipasua moja la mfano, nyama karibu na kokwa imeanza unjano. Likate kikonyo na ulilaze kichwa chini mpaka utomvu ukome, maana nao huunguza ganda na watu wakadhani ni baridi. Kuliloweka dakika 5 kwenye maji ya nyuzi 52 hupunguza chule, ugonjwa unaopenda kushambulia ganda lililojeruhiwa na baridi. Pima maji kwa kipimajoto, si kwa mkono.

Ndani ya chumba, tafadhali usitegemee namba iliyo ukutani. Chomeka kipimajoto cha sindano kwenye nyama ya embe lililo mbele ya feni, kisha la kreti ya katikati. Mbele ya feni ndipo panapoungua kwanza, hata ukuta ukisoma 13. Sogeza kreti mbali na feni na uweke unyevu karibu asilimia 90.

Parachichi la Hass linataka nyuzi 5 hadi 7, ndizi 13 hadi 14. Kuweka parachichi chumba kimoja na embe au ndizi ni kuchagua kipi kife.

Kabla ya kusafirisha, toa maembe 10 kutoka kreti tofauti, uyaache nje siku 3. Yakitoka vishimo, uza mzigo kwenye soko la karibu na upandishe joto la chumba.