Mpira ukikata kulia, anza na mikono

Wengi ninaocheza nao gofu pale Lugalo, mpira ukianza kuwakatia kulia, yaani kupinda kwenda kulia hewani, wanabadilisha kila kitu: bega, kiuno, goti, vyote asubuhi moja. Jioni hawajui kipi kimesaidia. Mimi sigusi namna ninavyozungusha fimbo kabla sijakagua yale yanayofanyika fimbo ikiwa bado imetulia chini, na ninarekebisha kimoja tu kwa wiki.

Naanza na mshiko. Kwa sisi tunaopiga kwa kulia, mpira unakata hivyo kwa sababu uso wa fimbo, ile sehemu inayogonga mpira, umefunguka, yaani unatazama kulia, ukilinganisha na njia fimbo inayopita. Mtu akiona hivyo analenga kushoto zaidi ili kufidia, fimbo inazidi kupita kutoka nje kuja ndani, na mpira ndiyo kwanza unakata. Angalia mkono wako wa kushoto ukiwa umeshika fimbo. Ukiona kifundo kimoja tu cha vidole, uzungushe kidogo kuelekea kulia mpaka uone viwili, hata viwili na nusu. Utahisi kama umevaa kiatu cha mtu mwingine. Vumilia. Na legeza mikono, maana ikikakamaa inachelewa kuufunga uso wa fimbo.

Mahali pa mpira ni jambo la haraka: kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, usawa wa kisigino cha mguu wa kushoto; kwa fimbo fupi za chuma, katikati ya miguu.

Kulenga je? Laza fimbo mbele ya vidole vya miguu, kisha rudi nyuma utazame. Iwe sambamba na mstari wa mpira kwenda shabaha, isielekee shabaha yenyewe. Utashangaa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni poda. Paka kidogo kwenye uso wa draiva, piga, uangalie alama. Ikiwa iko upande wa ndani, karibu na mpini, mgongano huo peke yake unaweza kuupeleka mpira kulia hata kama mshiko wako ni safi. Hapo usihangaike na mikono. Sogea nyuma kidogo, upige tena.

Poda na fimbo ya chini ni vya mazoezini tu. Katika mashindano, kupiga na fimbo uliyoipaka kitu kunakuondoa kabisa, na kupiga ukiwa umelaza fimbo ya kukuongoza kunakugharimu mipigo miwili.